"Dili Hilo!" na Abiria Hamsini Walionyamaza

Tuseme ni saa kumi na mbili jioni na gari la Mbagala limejaa mpaka mlangoni. Anapanda dada mmoja mwenye ualbino, kofia pana kichwani, anapapasa bomba la kushikilia kwa sababu macho yake yana uoni hafifu. Kutoka kiti cha nyuma inapasuka sauti ya kijana: "Oyaa, dili limeingia!" Ndani ya gari kuna watu wasiopungua hamsini. Wanafanya nini?

Jibu mnalijua, jamani. Wawili watacheka. Mmoja atasonya chini chini. Waliobaki watagundua ghafla kwamba simu zao zina jambo muhimu sana la kusomwa. Konda ataendelea na wimbo wake wa "songeeni nyuma, nyuma kweupe". Na dada yule atashusha kofia mpaka kwenye nyusi, asubiri kituo chake.

Kwa msomaji aliye mbali na huku, au aliyekuwa mdogo wakati ule, neno "dili" si mzaha wa kawaida. Kuanzia mwaka 2007 mikoa ya Kanda ya Ziwa, hasa Mwanza na Shinyanga, ilikumbwa na wimbi la mauaji ya watu wenye ualbino. Waliwindwa kwa sababu ya viungo vyao, kwa imani kwamba dawa ya mganga iliyochanganywa na kiungo cha mwenye ualbino inaleta utajiri wa madini au samaki. Hapo ndipo neno la biashara likageuka jina la mtu. Ukimwita binadamu "dili" unamwambia bei yake sokoni. Kisha tunashuka kwenye gari na kusema kijana alikuwa anatania tu.

Mimi sina muda sana na yule kijana wa nyuma. Tumemwandikia mabango, tumemchapishia fulana, tumemwimbia nyimbo kwenye maadhimisho ya Juni 13, siku ambayo Umoja wa Mataifa uliitenga kwa ajili ya uelewa kuhusu ualbino na ikaanza kuadhimishwa mwaka 2015. Pengine amebadilika kidogo, pengine hajabadilika. Ninaowataka ni wale hamsini. Naamini fedha na nguvu tunazotumia kumshawishi mbaguzi aache ubaguzi, nusu yake ingetumika kuwafundisha walio pembeni namna ya kuingilia kati. Kufundisha kabisa, kwa mazoezi, kama tunavyofundishana huduma ya kwanza.

Najua wa kwanza kunibishia atasema: "Acha ndoto, wewe mwandishi. Watu wetu hawapendi kuingilia yasiyowahusu. Ya Ngoswe mwachie Ngoswe."

Si kweli. Hebu piga kelele ya "mwizi!" Kariakoo saa saba mchana uone kama watu wetu hawaingilii yasiyowahusu. Ndani ya nusu dakika mtu amezungukwa, ndani ya dakika tano tairi limeshatafutwa. Mwenye duka ambaye hakuibiwa kitu ataacha duka wazi ili akapige teke lake moja. Tunaingilia kati haraka kuliko mataifa mengi! Tatizo ni kwamba tumefundishwa, tangu utotoni, sauti gani inatuita. "Mwizi" inatuita. "Mchawi" inatuita, waulizeni wazee wa Usukumani ambako vikongwe waliuawa kwa kosa la kuwa na macho mekundu, macho yaliyoiva kwa moshi wa kuni za miaka hamsini. Lakini "dili hilo" haituiti. Kama kuingilia kubaya kulifundishwa, sioni kwa nini kuzuri kushindikane.

Wanasaikolojia wamelichunguza jambo hili kwa zaidi ya nusu karne. Mwaka 1968 Wamarekani wawili, Bibb Latané na John Darley, waliwaketisha watu chumbani wakijaza fomu, kisha wakapenyeza moshi kupitia tundu la ukutani. Waliokuwa peke yao, asilimia 75 walitoka kwenda kutoa taarifa. Lakini mtu alipoketishwa na wenzake wawili walioandaliwa kujifanya hawauoni moshi, ni 1 tu kati ya 10 aliyenyanyuka. Tisa waliendelea kujaza fomu huku wakikohoa na kupepea moshi kwa mkono. Hawakuwa watu wabaya. Walitazama nyuso za wenzao, wakaziona zimetulia, wakahitimisha kwamba hakuna jambo. Ni hesabu ileile ya kwenye daladala: kila mmoja anamtazama mwenzake, na mwenzake naye anamtazama yeye.

Hapa nisimame kidogo kwa sababu linanihusu kikazi. Utafiti huo ulichochewa na habari ya gazeti. Machi 1964 dada mmoja, Kitty Genovese, aliuawa kwa kisu mtaa wa Kew Gardens, New York. Wiki mbili baadaye gazeti la The New York Times likaandika kwamba majirani 38 walitazama na hakuna aliyepiga simu polisi wakati anashambuliwa. Habari hiyo ilizunguka dunia nzima, ikaingia kwenye vitabu vya vyuo, na mpaka leo inatajwa kuthibitisha kwamba binadamu wa mjini hana utu. Kumbe ilikuwa imetiwa chumvi. Wengi wa majirani walisikia kelele bila kuona kitu, na jirani mmoja alishuka ngazi akampakata marehemu mpaka msaada ulipofika. Gazeti lenyewe lilikuja kukiri mwaka 2016 kwamba habari ile ilikuwa na kasoro. Miaka 52! Sisi waandishi tunapenda sana kichwa cha habari kinachosema "Wananchi Watazama Tu", bila kujiuliza kwamba kila tunapokiandika tunamfundisha msomaji kuwa kutazama tu ndiyo kawaida.

Kwa sababu kawaida yenyewe siyo hiyo. Mwaka 2019 watafiti walitoa matokeo ya kuchambua picha za kamera za mitaani kutoka Lancaster ya Uingereza, Amsterdam ya Uholanzi na Cape Town ya Afrika Kusini. Ugomvi 219 wa hadharani. Katika 9 kati ya kila 10, alikuwepo angalau mpita njia mmoja aliyefanya kitu: kumshika mkono mgomvi, kusimama katikati, kumtuliza aliyepigwa. Na kadiri watu walivyokuwa wengi, ndivyo uwezekano wa mmoja kujitokeza ulivyoongezeka. Cape Town ambako uhalifu ni wa kutisha haikuwa tofauti na Amsterdam. Kwa hiyo watu wana moyo. Ngumi wanaiamua kwa sababu wanajua namna ya kuiamua, wameiona ikiamuliwa tangu shule ya msingi. Tusi la kibaguzi halina refa anayejulikana.

Si muda mrefu uliopita nilikaa siku nzima kwenye mafunzo ya aina hii, katika ukumbi wa kata moja huko Temeke. Nilikwenda kama mwandishi, na nakiri nilitegemea semina ile tunayoijua: chai, maandazi, hotuba ya mgeni rasmi, picha ya pamoja. Nikakuta viti vya plastiki vimepangwa kama daladala. Kulikuwa na madereva wa bodaboda, mama lishe watatu, vijana wa kijiweni, makonda wawili, na dada mmoja mwenye ualbino ambaye ndiye aliyekuwa akisaidia kufundisha.

Mbinu zenyewe si siri. Zimeenezwa sana na shirika la New York linaloitwa Right To Be, ambalo zamani lilijulikana kama Hollaback na lilianza mwaka 2005 kupambana na bughudha za mitaani. Tangu 2020, Wamarekani wenye asili ya Asia walipoanza kutukanwa na kupigwa kwa kisingizio cha korona, limefundisha watu wengi. Wao wanataja njia tano. Unaweza kuyachepusha mazungumzo. Unaweza kumwita mwenye mamlaka zaidi yako. Unaweza kuweka kumbukumbu, kwa simu au kalamu, kisha ukamwachia aliyetendewa aamue itumikeje. Unaweza kusubiri likapita ukamfuata aliyeumizwa. Na unaweza kumkabili msemaji uso kwa uso, ukishapima usalama wako na wa yule unayemtetea. Wengi wetu tukisikia "kuingilia kati" tunafikiria hiyo ya mwisho peke yake, ndiyo maana tunanyamaza. Sio kila mtu ana kifua cha kugombana kwenye gari la Mbagala.

Zoezi likaanza. Kijana wa kijiweni akaigiza wa nyuma, akapaza sauti yake ya "dili", na kwa kweli aliigiza vizuri mno, ukumbi ukapoa. Mkufunzi akamtazama mmoja wa makonda. Jamaa akajitetea: "Mimi kazi yangu ni kukusanya nauli, sio kulea watoto wa watu." Watu wakacheka. Mkufunzi akamjibu taratibu, "Basi kusanya nauli, kaka." Konda akafikiri kidogo, kisha akageuka na sauti ile ile ya kazini: "Wewe wa nyuma unayeongea sana, nauli yako sijaiona!"

Gari zima la plastiki likaangua kicheko, na safari hii kicheko kikamwangukia yule wa nyuma. Hakutukanwa, hakupigwa, hakuhubiriwa. Alinyimwa uwanja tu. Mama lishe mmoja akaongezea lake bila kuambiwa: akasogeza mkoba wake, akamwambia yule dada, "Mwanangu, njoo ubane hapa, hilo begi nipakatie mimi." Kama ningeambiwa nichague kati ya hayo mawili, ningechagua la mama lishe. Hakumjali kabisa mtukanaji. Alimshughulikia aliyetukanwa.

Baadaye yule dada alisema neno ambalo niliandika kwenye daftari na kulipigia mstari. Alisema tusi lenyewe ameshalizoea tangu darasa la kwanza. "Mimi sura za watu sizioni vizuri," akasema, "kwa hiyo nasikiliza. Gari likinyamaza, najua niko peke yangu."

Wakati narudi nyumbani nikawa nafikiria utani. Sisi Watanzania tunao mfumo mzima wa jambo hili na tunauacha ulale. Mngoni na Msukuma, Mzaramo na Mnyamwezi, wana ruhusa ya kuambiana mambo ambayo kwa mwingine yangeleta kesi. Msibani mtani ndiye anayeruhusiwa kuvunja kilio, kuziba njia ya jeneza mpaka apewe chochote, kumkemea mfiwa anayetaka kuzimia. Mtani ni mtaalamu wa kuchepusha. Anajua namna ya kuingia kwenye jambo zito bila kuliwasha. Lakini utani una masharti: ni wa pande mbili, na unayemtania anayo haki na nafasi ya kukurudishia. Mwenye ualbino aliyeitwa "dili" atakurudishia nini? Hapo hakuna utani, kuna mtu mwenye panga la maneno na mwingine mwenye kofia. Nadhani mkufunzi yeyote atakayekuja kufundisha huku aanzie kwenye utani, si kwenye karatasi za New York. Watu wataelewa ndani ya dakika kumi.

Sasa swali gumu: inafanya kazi? Au ni michezo ya kuigiza tu?

Ushahidi ninaouthamini zaidi unatoka kwa jirani zetu wa Rwanda. Tangu mwaka 2004 shirika la La Benevolencija limekuwa likirusha huko mchezo wa redio uitwao Musekeweya, kuhusu vijiji viwili vya kubuni vinavyochukiana. Mmoja wa wanasaikolojia waliousaidia ni Ervin Staub, mzaliwa wa Hungary aliyenusurika akiwa mtoto wa Kiyahudi wakati wa Wanazi kwa sababu kuna watu waliojitosa kuokoa wenzao, na ambaye maisha yake yote ameyatumia kuchunguza kwa nini wengine hujitosa na wengine hutazama. Mtafiti Elizabeth Levy Paluck alifuatilia vikundi vya wasikilizaji kwa mwaka mmoja na kuvilinganisha na vikundi vilivyosikiliza mchezo mwingine wa redio uliohusu afya. Matokeo aliyoyachapisha mwaka 2009 yanashangaza: imani za ndani za watu hazikubadilika sana. Kilichobadilika ni kile walichodhani kuwa kinakubalika katika jamii yao, na utayari wao wa kusema "hapana, sikubaliani" mbele ya wenzao.

Rudia kusoma hapo. Mioyo ilibaki karibu ile ile, mwenendo ukabadilika. Kampeni zetu zote zinalenga moyo. Tunataka yule wa nyuma awapende watu wenye ualbino. Mimi hata asipowapenda, akishajua kwamba gari zima halitacheka, atafunga mdomo wake mpaka Rangi Tatu. Inanitosha kwa kuanzia.

Lakini Paluck huyo huyo alipokwenda mashariki ya Kongo alikuta jambo la kutuzindua. Huko mchezo wa redio ulifuatiwa na kipindi cha mjadala kilichohimiza wasikilizaji wazungumzie migogoro yao. Walizungumza kweli, zaidi ya wenzao ambao hawakupata mjadala, ila wakatoka na chuki zaidi na utayari mdogo wa kumsaidia mtu wa kundi wasilolipenda. Kuwakusanya watu wajadili ubaguzi bila kuwapa la kufanya kunaweza kuwapa tu nafasi ya kupikia chuki yao vizuri. Wale wanaodhani mdahalo wa redioni wa saa mbili ni suluhisho wafikiri mara mbili.

Kuna hatari pia, na mkufunzi asiyeisema ni mwongo. Mei 2017 huko Portland, Oregon, ndani ya treni, mbaguzi mmoja aliwashambulia kwa maneno wasichana wawili, mmoja amevaa hijabu. Wanaume watatu wakaingilia. Wawili wakauawa kwa kisu. Na hapa kwetu Afrika Mashariki tunao mfano ambao ungepaswa kufundishwa kila shule. Desemba 21, 2015, Al-Shabaab walisimamisha basi lililokuwa likielekea Mandera, wakawataka abiria Waislamu wajitenge na Wakristo. Mwaka mmoja nyuma, katika basi jingine eneo hilo, watu 28 walitenganishwa hivyo wakauawa. Safari hii Waislamu walikataa. Wanawake walikuwa wameshawavisha Wakristo hijabu zao, na waliobaki wakawaambia wauaji wawaue wote au wawaache wote. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi kwa kukataa huko, akafariki Nairobi Januari 2016. Kisa kile kikazaa filamu fupi, Watu Wote, iliyowania tuzo ya Oscar mwaka 2018.

Hakuna aliyewapa semina abiria wale, mtaniambia. Ni kweli. Lakini naona walikuwa na kitu ambacho mafunzo hujaribu kukijenga: walijua, kabla ya bunduki kufika, kwamba aliyeketi jirani hatamkana. Hicho huwezi kukijenga siku ya bunduki. Unakijenga siku ya "dili hilo", ambako gharama yake ni aibu kidogo na nauli ya mia kadhaa.

Serikali yetu kwa upande wake ilijaribu njia nyingine. Januari 2009 Waziri Mkuu wa wakati huo, Mizengo Pinda, alisema wanaokamatwa wakiua wenye ualbino nao wauawe. Alipobanwa bungeni akatoa machozi. Leseni za waganga zikafutwa. Machi mwaka huo wananchi wakapigishwa kura za siri kuwataja wauaji. Watoto wakakusanywa kwenye vituo kama Buhangija, Shinyanga, na Kabanga, Kasulu, wakawekewa uzio. Sibezi, uzio uliokoa maisha. Kazi ya Vicky Ntetema wa BBC nayo iliokoa maisha. Mwaka 2008 aliingia kwa siri kwa waganga akaanika biashara yao, akatishiwa kuuawa. Lakini tazama mantiki ya uzio: aliyekosewa ndiye anayefungiwa, na sisi hamsini tunaendelea na safari. Mwishoni mwa Mei 2024, wilayani Muleba mkoani Kagera, mtoto wa miaka miwili na ushee alinyakuliwa nyumbani, mikononi mwa mama yake. Mwili wake ulipatikana katikati ya Juni, viungo vimekatwa. Miaka 17 baada ya wimbi la kwanza.

Sisemi mafunzo ya daladala yangemzuia muuaji wa Muleba. Nasema biashara ile inahitaji mtaa ambao umezoea kumsikia mtu akiitwa bidhaa. Inahitaji mtu wa kuchora ramani ya nyumba, mwingine wa kutaja ni lini baba hayupo, na wengine wengi wa kusikia fununu na kukaa kimya. Hao ndio wanaoweza kufikiwa.

Kwa hiyo pendekezo langu ni dogo na linakera kwa udogo wake. Tuanze na makonda. Konda tayari analazimishwa kuvaa sare na kutoza nauli iliyopangwa. Ni mtu pekee ndani ya gari ambaye sauti yake haishangazi mtu ikipazwa. Afundishwe mambo matatu tu: namna ya kumzima mtukanaji kwa lugha yake mwenyewe ya kazi, namna ya kumtafutia aliyetukanwa nafasi karibu na dereva, na kumsomea kwa sauti gari linakwenda wapi mtu asiyeona kibao. Baada ya makonda waje bodaboda wa vijiwe, kisha mama lishe, ambao kwa nilivyoona Temeke wanaweza kuwa ndio walimu.

Na tafadhali, isiwe semina ya hotelini yenye posho na fulana. Konda akikosa siku nzima hesabu ya bosi haitimii, na kesho yake gari ana mtu mwingine. Wafuatwe walipo. Pale stendi, kati ya saa nne asubuhi na saa saba mchana, magari hupanga foleni ndefu yakisubiri abiria, dereva amelala kwenye usukani na konda anacheza drafti kivulini. Dakika arobaini zinatosha, na viti vipo tayari, vya gari lenyewe.